Chumvi Penye Chemchemi

Neno la kutafakari: 2 Wafalme 2:19-22



Habari tuliyopewa mwezi huu ni fupi, aya nne tu. Eliya amekwisha kuchukuliwa, na Elisha ameuvuka mto Yordani, naye akaa Yeriko. Watu wa mji wamwendea. Wamwonyesha kwanza jinsi mji wao ulivyokaa mahali pa kupendeza, kisha wamweleza lile linalowaumiza, yaani maji yao hayafai, na nchi yaharibu mimba. Elisha ataka aletewe chombo ambacho hakijatumika bado, kitiwe chumvi. Atoka nacho, aenda mpaka pale maji yanapobubujika, aitupa chumvi pale pale, na kwa jina la Bwana atangaza ya kuwa maji yamepona. Naye aliyeandika kitabu aongeza neno moja, ya kwamba siku alipokuwa akiandika maji yale yalikuwa mema bado.

Sisi wenyeji wa Ngara na Biharamulo twajua msiba unaoonekana kwa macho. Mwishoni mwa mwezi wa Aprili mwaka 1994 watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja au mbili, wakikimbia mauaji ya Rwanda. Msiba wa namna hiyo kila mtu huuona, na moyo husukumwa kutoa chakula na blanketi. Lakini uko msiba wa namna ya pili, nao ni ule wa Yeriko. Huo hauna kelele. Maji yanang'aa, mji unapendeza, wala hakuna moshi angani; lakini mama hupoteza mimba, mtoto huchelewa kusema, na baba hutetemeka mikono kabla hajawa mzee. Sumu iliingia mwilini siku moja, nayo yadai malipo yake kwa miaka ishirini. Juu ya msiba huo nataka kusema leo, nami nitaifuata habari ya Elisha katika sehemu zake tatu.

I. Watu wa mji walisema

Tazameni kwanza ya kuwa Elisha hakuanza yeye. Watu wa Yeriko ndio walioanza, nao walisema jambo la aibu. Kwani kuharibika kwa mimba ni jambo ambalo watu hulificha. Kila nyumba hulia peke yake, na majirani hunong'ona. Mmoja asema ni uchawi, mwingine asema ni dhambi ya mwanamke yule. Lakini siku moja watu wa mji walikusanyika, wakalinganisha machozi yao, wakaona ya kuwa si nyumba moja wala mbili. Ndipo wakatambua ya kwamba kosa halimo katika matumbo ya wanawake, limo katika maji.

Nao hawakuwa wao walioanzisha ubaya wa mahali pale. Yoshua alikuwa amelaani kujengwa tena kwa Yeriko (Yoshua 6:26), na Hieli wa Betheli aliujenga siku za mfalme Ahabu, akafiwa na wanawe (1 Wafalme 16:34). Waliokuja baadaye walikuta mji umekwisha kusimama, wakachota maji. Ndivyo ilivyo mara nyingi: mmoja hujenga na kupata faida, na mwingine hunywa. Elisha hakuwauliza ni nani aliyekosa kwanza, ndipo awasaidie. Na Bwana wetu, wanafunzi walipotaka kujua dhambi ya nani ilimpofusha yule aliyezaliwa kipofu, aliyakataa maneno yao, akamfungua macho (Yohana 9).

Jambo kama hili limetokea karibu nasi, katika nchi ya Kenya. Huko Mombasa, upande wa Mikindani, kipo kijiji cha maskini kiitwacho Owino Uhuru, chenye watu kadiri ya 3,000. Kando ya nyumba zao palijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari ili kupata madini ya risasi. Moshi wake uliingia vyumbani, na maji machafu yake yalipita penye njia za watoto. Mwaka 2009 mama mmoja, Phyllis Omido, alikuwa akifanya kazi katika ofisi ya kiwanda hicho. Mtoto wake mchanga akaugua, na waganga hawakujua ni homa gani. Hatimaye damu yake ilipopimwa, ikaonekana ina risasi. Mama yule angaliweza kumtibu mwanawe na kunyamaza. Lakini alijiuliza, Je, watoto wa kijiji? Wakapimwa watoto, nao wakaonekana wana risasi vile vile.

Basi alianza kusema. Alikamatwa mwaka 2012 na kupelekwa mbele ya hakimu, kisha akaachiliwa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Watu wa kijiji walikwenda mahakamani, na mwezi wa Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaiondoa tuzo hiyo. Nao hawakukata tamaa, wakapanda mpaka Mahakama ya Juu, ambayo mwezi wa Desemba 2024 iliirudisha hukumu ya kwanza. Hesabuni miaka, ndugu zangu. Mtoto aliyekuwa akinyonya siku ile mama yake alipoanza kusema, alikuwa kijana siku hukumu hiyo iliposomwa. Na wako waliozikwa kabla ya kuisikia.

Kwa hiyo neno la kwanza ni hili: kusema si kunung'unika. Mkristo ajuaye ya kuwa maji ni mabaya, naye akanyamaza kwa kuogopa kupoteza kazi au kuchukiza wakubwa, amemwacha jirani yake anywe. Luther katika Katekisimo Ndogo atufundisha ya kuwa amri ya tano haitukatazi kuua tu. Yatuamuru tena tumsaidie jirani katika shida zote za mwili wake.

II. Nabii alikwenda mpaka penye chemchemi

Elisha angaliweza kutia chumvi katika mtungi wa kila mtu. Watu wangalifurahi siku hiyo, na kesho yake wangalichota ubaya ule ule. Yeye aliuacha mtungi, akauacha mfereji, akaenda mpaka pale maji yatokeapo.

Waganga wa siku zetu watufundisha neno hilo hilo juu ya sumu za madini. Fikirini habari za risasi. Ikiingia mwilini kwa vumbi, kwa moshi au kwa maji, mwili huidhani kuwa ni chokaa ya kujengea mifupa, nao huiweka mifupani. Katika damu hupungua baada ya miezi michache, hata mtu aliyepimwa huambiwa amepona. Lakini mifupani hukaa miaka ishirini, hata thelathini. Mwanamke aliyeivuta alipokuwa msichana akichukua mimba, mifupa yake hutoa chokaa kwa ajili ya mtoto, na pamoja na chokaa hutoka risasi. Hivyo mtoto huirithi sumu ya kiwanda ambacho hakukiona kamwe. Wadogo hudhurika kuliko wakubwa, kwa maana matumbo yao huifyonza risasi mara nne au tano kuliko matumbo ya mtu mzima. Humpunguzia mtoto damu, humlegeza akili, humfanya mzito wa kusoma. Shirika la Afya Duniani lasema wazi ya kuwa hakuna kiasi cha risasi mwilini kisicho na madhara. Dawa za kuitoa ziko kwa wale waliozidiwa. Lakini mtu akitibiwa na kurudishwa kulala katika vumbi lile lile, matibabu yake ni chumvi ya mtungini.

Lakini kwa nini nitaje Mombasa, ambako ni mbali? Kwa sababu chemchemi nyingine iko karibu na nyumba zetu. Vijana wetu wengi huenda kutafuta riziki katika maduara ya dhahabu ya Biharamulo na Geita. Ninyi mwajua kazi ilivyo. Mawe husagwa kwenye makarasha, mchanga huoshwa kwenye mialo, kisha hutiwa zebaki, nayo huishika dhahabu ikawa donge. Donge huwekwa motoni. Zebaki huondoka kama mvuke, na dhahabu hubaki. Ndipo mtu hufurahi, kwa kuwa aona kilichobaki. Kile kilichoondoka hakioni, nacho kimeingia kifuani mwake, na kifuani mwa mkewe apikaye karibu, na mwa mtoto aliye mgongoni.

Mvuke huo haukohozi mtu siku ile ile, isipokuwa ukiwa mwingi sana. Huenda polepole kwenye ubongo na figo. Baada ya miaka mikono yaanza kutetemeka, usingizi wapotea, kumbukumbu yafifia, ufizi wauma, na mtu aliyekuwa mpole awa mwepesi wa hasira. Na sisi twasema nini? Twasema, Amekuwa mlevi. Au, Amerogwa huko machimboni. Nao mchanga uliooshwa huachwa kando ya vijito, na zebaki iliyomo hushuka mpaka majini. Huko hugeuka kuwa sumu kali zaidi, huingia katika samaki, na samaki huingia katika chungu chetu.

Wajapani waliliona jambo hili mapema kuliko sisi. Katika mji wa Minamata kiwanda kilimwaga uchafu wenye zebaki katika ghuba ya bahari tangu mwaka 1932 hata mwaka 1968. Paka waliokula samaki walianza kurukaruka kama wenye wazimu. Kisha wavuvi wakapooza. Kisha wakazaliwa watoto walemavu kwa mama walioonekana wazima. Ugonjwa ulitangazwa mwaka 1956, lakini serikali haikukubali chanzo chake mpaka mwaka 1968. Miaka kumi na miwili majirani waliwakimbia wagonjwa wakidhani wataambukizwa, na sumu iliendelea kumwagwa. Kwa ajili ya ukumbusho wa mji ule, mataifa yalifanya mapatano juu ya zebaki mwaka 2013, yakayaita kwa jina la Minamata. Yalianza kutumika mwaka 2017, na Tanzania nayo imeyaridhia.

Najua neno litakalosemwa. Watu watasema: Dhahabu ndiyo iliyoezeka nyumba zetu, ndiyo iliyolipa ada ya watoto, hata sadaka ya Jumapili imetoka humo, wataka tufe njaa? La, ndugu. Elisha hakuwaamuru watu wa Yeriko wauhame mji wao. Aliyaponya maji ili wapate kukaa. Hatusemi dhahabu ni haramu, wala hatuwadharau vijana wachimbao kwa jasho. Lakini sadaka iliyotoka kwenye donge la dhahabu yatupa deni kubwa zaidi kwa yule aliyelichoma. Haifai tupokee dhahabu yake madhabahuni, kisha tugeuze uso mikono yake inapotetemeka.

Na yako mambo yawezekanayo hata kwa maskini. Donge lisichomwe jikoni wala ndani ya nyumba, wala karibu na mwanamke mjamzito au mtoto. Kiko chombo cha chuma chenye kufungwa, chenye bomba la kuushika mvuke na kuurudisha uwe zebaki tena. Kinalinda mapafu, na tena kinaokoa zebaki isipotee, kwa hiyo kina faida hata kwa mfuko. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na nguo za mtoto. Zebaki isiwekwe katika chupa ya maji ya kunywa au ya dawa. Mikono isiishike zebaki bila kinga. Na yeye aonaye dalili nilizozitaja aende hospitali, na amweleze daktari kazi aliyokuwa akifanya, kwa maana daktari asiyeambiwa hatajua apime nini. Si kila kutetemeka ni zebaki. Ndiyo sababu ya kupimwa.

III. Maji yalikuwa mema hata baadaye

Neno la tatu ndilo gumu kuliko yote, nalo ni lile la mwisho wa habari, ya kwamba uponyaji wa Yeriko ulidumu. Sisi ni hodari wa kuanza. Msiba ukitokea, twaimba, twachanga, twapeleka magunia. Mwezi wa pili mchango umepungua. Mwaka wa pili tumesahau. Lakini sumu haisahau.

Tazameni habari za New York. Tarehe 11 Septemba 2001 majumba mawili marefu yalianguka, na zaidi ya watu 2,700 walikufa katika mji ule siku hiyo. Dunia nzima ilijua. Lakini vumbi la saruji iliyosagika, la vioo na la asbesto lilikaa juu ya mji, na wazima moto, wafagiaji, watoto wa shule na wapangaji walilivuta kwa majuma mengi, hali wameambiwa siku chache baada ya msiba ya kuwa hewa ni salama. Baadaye walikohoa, baadaye wakapata pumu, miaka ikapita, wakapata saratani. Ilikuwa karibu miaka kumi kabla ya sheria ya kuwatibu kutiwa sahihi, mwezi wa Januari 2011. Wagonjwa wenyewe walikwenda mara nyingi kuwaomba watunga sheria, wengine wakiwa karibu na kufa. Mwaka 2015 sheria hiyo iliongezwa muda wake mpaka mwaka 2090. Watu zaidi ya laki moja wameandikwa ili wapimwe na kutibiwa. Lifikirini neno hilo, mwaka 2090. Waliofanya hesabu hiyo walifahamu ya kuwa mtoto aliyelivuta vumbi siku ile atahitaji daktari akiwa mzee. Kama nchi yenye mali nyingi ilihitaji kuombwa miaka kumi, je, sisi tutashangaa kwamba watu wa Owino Uhuru wamengoja zaidi? Tusishangae; lakini tusiridhike.

Bwana wetu ametupa mfano wa msaada udumuo. Yule Msamaria alifunga majeraha, akatia mafuta na divai. Watu wengi hukomea hapo wanaposimulia. Lakini soma mpaka mwisho (Luka 10:35). Kesho yake alitoa dinari mbili, akamwahidi mwenye nyumba ya wageni ya kuwa gharama yo yote itakayozidi atailipa atakaporudi. Alijua ya kuwa majeraha hayaponi kwa siku moja. Alifanya hesabu ya kurudi. Upendo wa Kikristo si ule wa njiani tu, bali ni ule unaorudi kuuliza deni limefika wapi.

Basi, wazee wa usharika na ninyi waalimu wa Injili, nawaomba mambo matatu. La kwanza, liwepo daftari. Mwaandika waliobatizwa na waliofunga ndoa; waandikeni pia waliorudi kutoka machimboni wakiwa wagonjwa, na kina mama walioharibikiwa na mimba mara nyingi, kwa ridhaa yao na kwa siri yao. Watu wa Yeriko walilinganisha machozi. Daftari ndilo mahali pa kuyalinganisha, na daktari wa wilaya akija ataona la kushika. La pili, sehemu ya sadaka ya kila mwezi, hata ikiwa ndogo, iwekwe kwa ajili ya nauli ya mgonjwa kwenda hospitali, si safari moja tu, bali ya kurudi tena na tena. La tatu, mwenye kutetemeka asiondolewe kiti chake kanisani. Kama hawezi kushika kitabu cha nyimbo, jirani yake amshikie.

Na yule asiyepona je? Kwa maana wako ambao figo zao hazitarudi, na watoto ambao akili yao haitafunguka kama ya wenzao. Sitawadanganya. Chumvi haikuwa na nguvu yenyewe. Bwana ndiye aliyeyaponya maji, naye huponya mengine sasa na mengine siku ile ya ufufuo. Lakini kumbukeni ya kuwa Kristo alipofufuka, aliwajia wanafunzi akiwa na alama za misumari mikononi mwake (Yohana 20). Hakuona aibu kwa majeraha yake. Kwa hiyo mwenye jeraha lisilofunga asidhani ya kuwa amesahauliwa. Bwana wake naye anazo alama, naye hamwiti mlevi wala mwenye laana.

Na ninyi mlio wazima, siku moja mtaulizwa habari za jirani aliyekunywa maji mabaya nanyi mkijua. Chombo kipya kipo, chumvi ipo, na njia ya kwenda penye chemchemi tumekwisha kuonyeshwa. Bwana atupe miguu ya kwenda, na saburi ya kurudi tena mwaka hata mwaka.

Ee Bwana Mungu wetu, uliyeyaponya maji ya Yeriko, uwaangalie wote walioingiwa na sumu kwa kazi zao, kwa maji yao na kwa pumzi zao. Uwape hekima wanaotibu, haki wanaohukumu, na ujasiri wanaosema. Utuondolee uvivu wa kusahau. Kwa ajili ya Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.